Damu Namba Kumi na Saba

Taasisi, chumba cha kuoshea vyombo
Jumatano, saa ya mapumziko

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo nawe Shangazi, maana najua barua hii imo mikononi mwako, miwani iko puani, na Baba ameketi pembeni amekunja uso akijifanya hasikilizi. Hali zenu? Macho je, Baba? Shangazi aliniambia kwenye simu kwamba ukungu wa jicho la kulia umezidi, na kwamba juzi ulimsalimia mgeni mlangoni kwa adabu zote kumbe ni koti lililotundikwa. Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka. Daktari wa macho amekwambia mtoto wa jicho huondolewa kwa nusu saa tu, na wewe bado unamzungusha kila mwezi. Acha ukaidi, Baba. Goti nalo vipi? Usingizi unapata? Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu, wajukuu wanakusalimu, na yule wa mwisho ameota meno mawili ya juu na anamng'ata kila anayemsogelea. Nimewaambia watu wa nyumbani kwangu kwamba kwa kung'ata huko ungempenda sana.

Kabla sijafika mbali, Shangazi, nina ombi kwako. Usirukie mwisho. Nakujua, ukipata barua unaanza na saini, kisha ukurasa wa mwisho, ndipo unarudi kwenye salamu ukiwa umeshajua nani kafa. Hakuna aliyekufa. Karibu na mwisho utakuta karatasi mbili nilizoziandika kwa herufi kubwa, kubwa kweli, kama za mwalimu wa chekechea ubaoni. Hizo si zako. Ukifika hapo mpe Baba azishike mwenyewe, msogezee kiti dirishani penye mwanga, nawe uende ukaangalie jiko.

Baba, nina habari ya kukufanya utembee kifua mbele, na nina jambo zito nyuma yake. Ile dawa tuliyoihangaikia miaka mitatu, ya kuzuia sumu ya pepopunda kwa kingamwili za binadamu badala ya zile za farasi, imefanya kazi. Imefanya kazi vizuri kuliko tulivyothubutu kuomba. Lakini sasa imefungiwa kwenye friza lenye kufuli mbili, na haitatoka humo mpaka mtu mmoja, mwenye damu tuliyoipa namba kumi na saba, aseme ndiyo. Akisema hapana itateketezwa yote, na ni haki yake. Nakusimulia tangu mwanzo ili ukifika mwisho uwe unajua kila kitu ninachokijua mimi.

Najua nimeshakuudhi kwa kusema "badala ya zile za farasi". Sijaisahau siku Taasisi ilipofunga mabanda ya farasi. Mkurugenzi alipanda juu ya lile sanduku la mbao, akawashukuru madaktari, akawashukuru wafadhili, akaishukuru kampuni iliyoleta friza, akamshukuru hata aliyefunga mapambo. Farasi kumi na mmoja walikuwa wamepangwa nyuma yake wakingoja lori, nawe ulikuwa umeshika kamba ya yule jike, Mama Mkwe, na hakuna aliyewataja wao wala wewe. Miaka thelathini na moja ya kuwalisha, kuwaosha na kuwashikilia wakitolewa damu, na hukutajwa hata kwa bahati mbaya. Mama Mkwe alinya pale pale katikati ya hotuba, tena kwa sauti, na ndicho kitu pekee kilichokuchekesha siku ile.

Wenzangu vijana huku huniuliza kwa nini jike yule aliitwa Mama Mkwe. Huwaambia kwamba kila mtu alimkaribia kwa mbele, polepole, ameinamisha kichwa na kujitambulisha kwanza, na aliyesahau adabu aliondoka na alama ya meno.

Wiki ile ile nikakwambia nimechukuliwa kwenye kitengo kipya, cha kingamwili za watu. Ulinyamaza siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano ulisema umenisomesha kwa jasho la farasi na mimi nimekwenda kuwafukuza. Nilikujibu hovyo siku ile, nikapandisha sauti, na mpaka leo nikiikumbuka sauti ile najisikia vibaya. Nijibu leo kwa utulivu.

Farasi wako wameokoa watu, Baba, wengi kuliko tutakaowahi kuwahesabu. Hilo hakuna wa kulipinga mbele yangu. Lakini damu ya farasi ni ya farasi. Ikiingia kwa mtu, mwili wake huona mgeni kaingia bila hodi, na wakati mwingine hukasirika. Unamkumbuka yule fundi uashi aliyekanyaga msumari? Alipochomwa dawa yetu midomo ilimvimba, koo likaziba, wauguzi wakahangaika naye mpaka alipovuta pumzi. Baadaye alisema alinusurika mara mbili, kwanza na ugonjwa, pili na dawa. Ulipoletewa habari zile, swali lako la kwanza lilikuwa alikula nini mchana. Ulikuwa hivyo siku zote. Mtu akivimba, samaki ndiye mwenye makosa, farasi kamwe.

Pepopunda yenyewe unaijua, umeishi nayo kwenye samadi miaka yote. Bakteria wale hukaa kidondani, na hapo wangekuwa si kitu kama si sumu wanayoitoa. Sumu ndiyo inayopanda kwenye mishipa ya fahamu na kuikaza misuli mpaka taya zinagoma kufunguka. Ikishaingia kwenye mshipa huna la kuifanya. Inabidi ikamatwe njiani, ikiwa bado kwenye damu, na anayeikamata ni kingamwili, yaani kile kitu damu hujitengenezea ikishafundishwa na chanjo. Kingamwili nzuri hukaa juu ya sumu pale pale inapotaka kushikia, ikabaki haina la kufanya, kama ulivyokuwa ukimvisha Mama Mkwe kile kikapu cha mdomoni kabla daktari hajaingia bandani. Farasi walitutengenezea hizo kwa wingi. Profesa wetu alitaka zilizotengenezwa na mtu, ili mgonjwa apone bila mwili wake kugombana na dawa.

Basi tukaanza kutafuta watu wenye damu iliyofunzwa. Hapo kuna kituko nilichotaka kukusimulia siku nyingi. Tangazo lilipotoka, mtu wa kwanza kufika alikuwa fundi wa paa, mtu wa miraba minne, aliyewahi kuugua pepopunda akapona. Alikunja shati mpaka begani akasema tusisumbuke kutafuta zaidi, damu yake imepigana na adui ana kwa ana na kumshinda. Tukapima. Hakuna kitu! Profesa alimweleza kwa upole kwamba sumu ile ni kali kiasi kwamba kiasi kidogo mno kinatosha kuua, na kidogo hicho hakiupi mwili nafasi ya kujifunza lolote. Aliyepona hana kinga. Mwenye kinga ni aliyechanjwa. Yule bwana alikasirika, akasema alilala hospitali siku arobaini na haiwezekani zikawa za bure. Tulimchanja chanjo yake ya kwanza pale pale, na akaondoka analalamika kwamba amekuja kutoa na badala yake amepewa.

Kwa hiyo Profesa akasema tutafute waliochomwa sindano za chanjo mara nyingi: askari, watunza bustani, wafanyakazi wa machinjio, na waliowahi kufanya kazi mabandani kwetu. Walipatikana arobaini na sita. Kila mmoja alipewa namba, na karatasi yake ya ridhaa ikafungwa kwenye bahasha yenye namba ile ile, ili sisi wa mezani tusijue damu ni ya nani. Kazi yangu ilikuwa kutenga chembe nyeupe, kisha kuchuja kati yake zile chache zinazotengeneza kingamwili ya kuishika sumu. Ni kutafuta chembe moja kati ya maelfu. Ukishaipata, unachukua ule mpango wake wa kutengeneza kingamwili, unauhamishia kwenye chembe nyingine zinazokua ndani ya chupa kwenye kabati la joto, nazo zinaendelea kuitengeneza siku zote. Yaani damu inachukuliwa mara moja tu. Hakuna wa kushikiliwa shingo kila mwezi, si mtu si farasi. Nilipolielewa jambo hilo vizuri nilitamani nikupigie simu, lakini ulikuwa bado hutaki kusikia habari za kazi yangu.

Mwaka mmoja na nusu wa kwanza ulitutoa jasho. Kingamwili nyingi zilishika sumu mahali pasipo na maana, na sumu ikaendelea na safari yake kama kawaida. Mwenzangu wa meza ya pili tunamwita Mizani kwa sababu hupima kila kitu mara mbili, hata sukari ya chai. Ni mtu mwema lakini hana tone la matumaini mwilini. Kila namba ilipoanguka aliipigia mstari mwekundu kwenye daftari na kusema alijua. Namba tatu, alijua. Namba tisa, alijua. Tulipofika namba kumi na saba alikuwa ameshaandaa rula.

Namba kumi na saba ilitupa kingamwili mbili. Tulizijaribu kwa panya weupe. Moja moja zilifaa kidogo tu. Siku ya pili miguu ya nyuma ya panya ilianza kukaza ikanyooka, na ukiona mguu wa panya umenyooka hivyo unajua umeshindwa. Mimi ndiye niliyesema tuzichanganye. Nakuapia Baba, ni mimi. Nilisema tuzifunge pamoja kama farasi wawili wa mkokoteni mmoja, moja ishike mkono wa sumu, nyingine ishike mdomo. Profesa akasema tujaribu. Tukachukua sumu ya kutosha kuua kundi zima, tukaichanganya na zile mbili kwa kipimo kidogo sana, tukawachoma panya ishirini.

Siku ya kwanza wote wazima. Mizani akasema ni mapema. Siku ya pili wazima, akasema bado. Siku ya tatu wanakula. Siku ya nne asubuhi niliingia nikamkuta Mizani amechuchumaa mbele ya vizimba, na panya wote ishirini wanakimbizana kama hawana habari kwamba walipaswa kuwa wamekufa. Akawatoa mmoja mmoja, akawapima uzito. Kisha akawarudia wote, akawapima tena. Alipomaliza akaitia rula mfukoni, akaenda dirishani akasimama na kunipa mgongo, mabega yakimtikisika. Nilijifanya sioni. Kwenye vizimba vya jirani, wale waliopewa dawa ya farasi kwa kipimo kile kile kidogo, walibaki wanane tu kati ya ishirini. Nakwambia hesabu hii kwa heshima, Baba, na nakuomba usiseme walikula nini.

Wiki tatu baadaye waliletwa wageni, wataalamu wa kutoka vyuo vikubwa, suti tupu. Profesa alitakiwa kueleza. Alisimama, akasema aliyekuja na wazo la kuunganisha mbili ni huyu, akaninyooshea kidole, akaketi. Nikasimama. Mimi niliyekuwa nikikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa bandani kwako nikifanya hesabu za shule, niliongea mbele ya watu thelathini kwa nusu saa bila karatasi, na walipiga makofi. Nilivaa lile koti jeupe ulilonipigia pasi mwenyewe siku yangu ya kwanza ya kazi Taasisi, kabla ya ugomvi wetu. Nililifunga vifungo vyote. Sijawahi kujivunia kitu maishani kama nilivyojivunia nusu saa ile.

Mzee mmoja kati ya wageni aliuliza namba kumi na saba ni mtu wa namna gani, maana damu ya aina ile hajawahi kuiona, ni kama mtu aliyechanjwa na jeshi zima. Profesa akajibu kwamba hajui, na hatakiwi kujua. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Sasa Shangazi, umefika. Zinazofuata ndizo zile karatasi mbili. Mpe Baba. Na nakuomba usisimame nyuma ya mlango.

Baba,

Damu namba kumi na saba ni yako.

Soma tena ukitaka. Ni yako.

Ulikuja mjini miaka mitatu iliyopita kupima kisukari. Nilikupokea mwenyewe, nikakukalisha, nikakufunga mpira mkononi. Kipimo kile kinahitaji kichupa kimoja kidogo. Mimi nilijaza sita. Uliniuliza ni kisukari gani hiki kinachopimwa kwa ndoo, nikacheka, nikasema mashine zetu mpya zinapenda kushiba. Nilikudanganya nikiwa nimeshika mkono wako.

Nilijua ungekataa. Barua ya Profesa ya kuwaomba watu wa mabandani ilipofika, ulimwambia Shangazi aitumie kuwashia jiko. Na nilijua kilichomo ndani ya damu yako kuliko mtu yeyote. Ni mimi peke yangu uliyeniambia kuhusu siku ile Mama Mkwe alipogeuka ghafla, na bomba zima la chanjo, kipimo cha farasi, likaishia kwenye paja lako. Ulichechemea wiki nzima ukasema umeteleza bafuni. Shangazi mpaka leo anaamini ni bafu, ndiyo maana hizi nimekuandikia wewe. Juu ya hiyo zipo sindano kumi na tisa kwenye kadi yako ya zahanati, moja kila ulipong'atwa, ulipopigwa teke, ulipokanyaga msumari wa kwato. Miaka thelathini na moja damu yako ilikuwa shuleni, na waliokuwa wakiipeleka ni farasi wale wale.

Kila aliyekuwa na namba alikuwa na bahasha yenye saini yake. Ya kwako niliitia karatasi tupu, nikaifunga kwa gundi, nikaandika kumi na saba. Kwa miaka mitatu nilikuwa mtu pekee kwenye jengo aliyejua. Ulipokuwa hutaki kusikia habari za kazi yangu, nilikuwa nakuona kila siku ndani ya kabati la joto. Wengine walikuwa wakiangalia chupa, mimi nilikuwa nikikuangalia wewe.

Nitakwambia na kilicho chini kabisa. Sikuiba kwa ajili ya dawa. Damu nyingine zilikuwepo, huenda tungefika, ingawa kwa kuchelewa. Niliiba kwa ajili ya ile hotuba. Nilitaka siku moja mtu aliyekazwa taya afunguke mdomo aombe maji, na mimi nijue moyoni kwamba aliyemfungua ni baba yangu, ambaye hawakumtaja. Nilitaka kukuheshimu, Baba, na nikafanya hivyo bila kukuuliza, nikitumia mwili wako kana kwamba ni mali yangu. Sasa naona kwamba nilikufanyia kile kile walichokufanyia wao. Nisamehe. Sina utetezi.

Asubuhi ambayo bahasha zilipangwa kufunguliwa ili matokeo yaandikwe, nilimtangulia Profesa ofisini kwake nikamwambia yote. Aliuliza kama unajua. Nikasema hujui. Aliuliza kama nakuheshimu. Nikasema hakuna ninayemheshimu zaidi. Akasema basi ni ajabu. Kisha akainua simu kuiita kamati ya maadili.

Mrudishie Shangazi barua sasa, Baba. Au usimrudishie. Ni juu yako.

Shangazi, kama umepewa, tuendelee. Kama hukupewa, mwache.

Kamati ya maadili ilikaa. Nimepewa onyo la maandishi, nimeondolewa mezani, na kwa miezi sita niko huku kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Usinihurumie. Naosha chupa vizuri kuliko zilivyowahi kuoshwa, na Mizani huzipitia mara mbili bila kukuta doa. Naye hakunigeuzia mgongo. Kila asubuhi huniletea chai, anaiweka kwenye sinki, anasema kwamba alijua, halafu anaondoka. Kwa adhabu yangu sina neno. Ilistahili.

Kazi yenyewe imesimama. Chupa zote za namba kumi na saba zimefungiwa, ufunguo mmoja anao Profesa na mwingine anao mwenyekiti wa kamati. Walisema aliyeficha ndiye aseme kwanza kwa mkono wake, na ndiyo barua hii. Walisema pia nisiombe lolote, nieleze tu. Kwa hiyo pale mwanzo, Shangazi, nilipotaka kumwandikia Baba kwamba nina ombi, niliandika "jambo zito".

Jumatatu ijayo mchana atakuja kwenu mama mmoja wa kamati. Si mfanyakazi wa Taasisi, ni mwanasheria, mpole, na hatamjua Baba kwa jina lolote zaidi ya lile atakalompa mwenyewe. Atakaa naye peke yake. Mimi siruhusiwi kuwepo, wala kupiga simu siku hiyo. Atamsomea kila kitu, atajibu maswali yake yote, hata kama yatachukua siku nzima. Shangazi, mkaribishe kiti kizuri, usimuulize kama ameolewa.

Baba akikubali, kufuli zitafunguliwa na kazi itaendelea, kwa watu wenye kujitolea kwanza, kisha, miaka ikienda vizuri, kwa wagonjwa. Akikataa, nimeomba niwe mimi nitakayeziingiza chupa kwenye tanuri la mvuke, kwa sababu ni mimi niliyezianza. Nitafanya hivyo bila kinyongo, na Jumamosi yake nitakuja kukusalimu, Baba, kama nitakavyokuja hata ukikubali. Usikatae ili kuniadhibu, nimeshaadhibiwa. Na usikubali kwa kunionea huruma, maana mimi ni mtu mzima, nitapata kazi nyingine ya kufanya. Fikiria mwenyewe. Waulize maswali magumu, kama ulivyokuwa ukiwauliza madaktari wa mifugo mpaka wanatoka jasho.

Wasalimie majirani wote. Shangazi, yule mjukuu wa kwanza anasema umemwahidi sweta na baridi imeshaingia. Mpelekeni Baba kwa daktari wa macho, hata kwa kumdanganya kwamba anakwenda kuangalia farasi. Hapana, nafuta hiyo. Mwambieni ukweli na mmwache aamue.

Nimalizie na jambo ambalo yule mama wa kamati atalisema kabla ya mengine yote, kwa sababu sheria inamtaka aanze nalo. Nataka ulisikie kwangu kwanza. Baba, unaweza kukataa. Kwa miaka thelathini na moja uliambiwa shika hapa, vuta pale, leta huyu, peleka yule, na mwisho ukaambiwa nenda nyumbani, na sidhani kama kuna aliyewahi kukuuliza unasemaje. Leo Mkurugenzi ameahirisha safari yake. Profesa hajagusa kalamu. Wale wataalamu wa suti wanapiga simu kila asubuhi kuuliza kuna habari gani, na wanajibiwa kwamba hakuna habari, mtunza farasi bado hajasema.

Ni mimi binti yako,
ninayejivunia kuwa wako.